Likasi: Mji wa kampuni uliookolewa na soko

Dereva wa lori aliyetoka bandari ya Dar es Salaam, akavuka Tunduma, akaimaliza Zambia na kulala foleni Kasumbalesa, akifika Likasi huwa hana hamu ya utalii. Anataka mafuta, sahani ya bukari, yaani ugali, na njia ya kwenda Kolwezi kupakia shaba. Ndiyo maana mji huu, uliogusa mambo makubwa mengi zaidi ya karne iliyopita kuliko miji mingi ya ukubwa wake barani, watu wetu wengi wanaujua kupitia kioo cha gari tu.

Likasi uko katika Jimbo la Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Wakazi wake wanakadiriwa kuzidi laki nne, katika komuni nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville, jina la mhandisi Jean Jadot, na jina la Likasi likarudi mwaka 1966. Huyo Jadot, kabla ya kuwa mkubwa wa makampuni ya Kongo, ndiye aliyesimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou nchini China. Leo Wachina ndio wanaokuja kwenye mji wake wa zamani kuchukua shaba. Historia nayo ina utani wake.

Miji ya namna hii, yenye umri na majina makubwa, wageni huwa wanaizuru kwa kutafuta majengo. Kwa Likasi naona hiyo ni njia ndefu bila sababu. Majengo yapo, lakini mji wenyewe uko sokoni. Likasi ulijengwa na kampuni iliyotaka kumpa mfanyakazi kila kitu ili asihitaji kwenda popote. Kampuni ilipoanguka, kilichoubakisha mji hai ni kile ambacho kampuni haikukipangia: biashara ndogondogo, na zaidi ya yote wanawake wanaoiendesha.

Basi anzia Kikula. Hii ndiyo iliyokuwa mitaa ya Waafrika wakati Wazungu wakiishi upande wao, na ndiko lilipo soko ninaloliona kuwa moyo wa mji. Fika mapema. Likasi umekaa katikati ya vilima, mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zinadai koti. Wauza mikate ya kukaanga wanakuwa wameshawasha moto. Baiskeli zinaingia kutoka porini zimebeba makala, yaani mkaa, magunia matatu au manne yakiwa yamefungwa juu yake, na mwendeshaji haendeshi tena bali anasukuma, kwa sababu hakuna mguu wa binadamu unaoweza kupandisha mzigo ule mlimani.

Unga wa mahindi hapa haupimwi kwa mizani. Unauzwa kwa meka, bakuli ambalo kila mtu anajua ujazo wake. Muuzaji anachota, anatingisha bakuli unga ushuke, anachota tena, kisha anaongeza kwa kiganja mpaka unga unasimama kama kichuguu juu ya ukingo. Kichuguu hicho ndicho biashara yenyewe. Bei ya meka inajulikana soko zima, hivyo hakuna anayeshindana kwa bei. Wanashindana kwa urefu wa kichuguu. Nilimsikia mteja mmoja akibembeleza, "Mama, ongeza kadogo," na muuzaji, bila kuinua macho, akamjibu: "Papa, huyu unga inatoka Zambia. Nikikuongeza, batoto batakula nini?" Hata hivyo aliongeza.

Jibu lile lina uchumi mzima ndani yake. Katanga ina ardhi na mvua, lakini kwa zaidi ya karne watu wake wamevutwa mgodini, na mahindi mengi yanaingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Lusaka ikifunga usafirishaji wa mahindi nje, kama ilivyofanya zaidi ya mara moja, kichuguu cha meka Kikula kinapungua kabla redio haijatangaza habari. Samaki naye ana safari yake. Thomson, yule samaki wa kuganda anayepikwa karibu kila nyumba, anatoka bahari ya Namibia. Samaki wa kukaushwa wanatoka ziwa Tshangalele, jirani. Kisha ziko mboga ambazo hazina pasipoti: sombe, yaani kisamvu, linalotwangwa hapohapo kwenye kinu, lengalenga, matembele. Kuna chikanda, ile keki nyeusi ya viazi vya okidi na karanga inayokatwa vipande kama mkate. Mgeni akiambiwa haina nyama huwa habishi mpaka aonje, ndipo anaanza kubisha. Na kuna munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi, kinauzwa kwenye ndoo na kikombe kimoja cha kupimia.

Pesa ni mbili, faranga na dola. Dola inashikwa juu ikaangaliwa dhidi ya jua, pembe kwa pembe. Ikiwa na mchaniko wa upana wa punje ya mchele imekufa, hata kama benki iliyoitoa iko hai. Faranga iliyochakaa mpaka inanuka inapokelewa bila neno.

Kiswahili cha hapa kitakuchekesha siku ya kwanza. Siku ya pili utaanza kukiongea. Kimechanganyika na Kifaransa, Kibemba, Kisanga na Kiluba, na hakina haja ya ruhusa ya mtu wa Zanzibar. Mzee ni papa, mwanamke mtu mzima ni mama, dada au kaka mkubwa ni yaya. Ukitamka Kiswahili cha Pwani watakuuliza kama wewe ni mwalimu au mchungaji.

Kiswahili chenyewe kilifika huku pamoja na biashara, muda mrefu kabla ya kampuni. Wasanga na jirani zao walikuwa wakichimba malakiti ya kijani msimu wa kiangazi, wakiyeyusha kwenye tanuru za udongo na kumimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa fedha: ilinunua chumvi, nguo, silaha, ililipa mahari. Wenye kazi hiyo waliitwa walaji shaba. Harufu ya shaba ndiyo iliyomleta Msiri, mtu wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Babake alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Katikati ya karne ya 19 Msiri akajikita Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, akajenga dola la Wayeke lililouza shaba, pembe na watumwa kuelekea bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Aliuawa kwa risasi Desemba 20, 1891, mbele ya msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Wapagazi wengi wa msafara ule waliajiriwa Zanzibar. Kwa hiyo msomaji wa Tabora au Unguja asijione mgeni kabisa huku. Babu zetu walikuwepo, pande zote mbili za ugomvi.

Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita na kuandika juu ya utajiri wa ardhi hii. Mwaka 1899 kampuni ya Robert Williams, Tanganyika Concessions, ikamtuma George Grey kutafuta madini, na Grey akafika Kambove, ng'ambo kidogo ya Likasi. Grey huyo alinusurika homa na njaa za Katanga, akaja kuuawa na simba aliyemjeruhi Kenya mwaka 1911. Union Minière du Haut-Katanga, ndiyo kampuni yenyewe, ilianzishwa 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Panda ukawekwa mtambo wa kuchenjua madini, na mwaka 1929 Shituru ikaanza kusafisha shaba kwa umeme. Umeme wenyewe ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira, palipojengwa bwawa la Mwadingusha. Maji yaliyozuiwa ndiyo yaliyozaa ziwa Tshangalele. Kwa maana hiyo yule samaki mkavu wa Kikula ni mtoto wa kiwanda cha shaba.

Watu wa kufanya kazi walitafutwa kila mahali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Maniema, hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, wakafa wengi kwa maradhi na ajali, wengine wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili hesabu: mfanyakazi aje na mke, akae, azae, na mtoto akuzwe kuwa mfanyakazi. Hapo ndipo ilipozaliwa kambi ya Union Minière, pamoja na nyumba, zahanati, kanisa, shule na posho. Posho ilikuwa chakula kilichogawiwa kwa familia kwa kipimo: unga, samaki au nyama, mafuta, chumvi. Aliyekula posho hakuhitaji sana soko, na hilo halikuwa bahati mbaya. Mtu anayelishwa na bwana mmoja hana pa kukimbilia. Katanga ina msemo wa enzi hizo ambao bado utausikia kwa wazee: kazi njo baba, njo mama, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama.

Baba huyo alikuwa na kiboko. Desemba 1941, vita vya dunia vimepandisha bei na mishahara imebaki palepale, wafanyakazi Waafrika wa kampuni waligoma Lubumbashi na huku Jadotville, Panda na Shituru. Serikali iliwajibu kwa risasi, miji yote miwili. Mauaji ya Lubumbashi ndiyo yanayotajwa zaidi, kwa kuwa yalitokea uwanjani mbele ya umati. Ya Likasi yanatajwa kidogo mno.

Kuna jambo lingine la Jadotville ambalo Afrika Mashariki tulilisikia bila kujua limetoka wapi. Februari 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mjini hapa kijana mpiga gitaa, akamrekodi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, Myeke kwa asili, na mmoja wa nyimbo alizorekodi ni "Masanga". Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinachezesha sauti ya juu, na msikilizaji anaapa kwamba wapigaji ni wawili. Santuri zake zilisambaa mpaka Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mwenyewe akaja Kenya, akapigiwa makofi kama mwenyeji. Wapiga gitaa kavu wa Kenya wa kizazi kile walijifunza kwake, wengine kwa kukutana naye, wengi kwa kurudisha sindano ya gramafoni mahali palepale mpaka santuri ikachubuka. Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Kwangu, hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuuheshimu mji huu, na ningependa wapenzi wa muziki wetu waiweke mbele ya ile inayofuata.

Inayofuata ni urani. Shinkolobwe, magharibi mwa mji, ndiko ulikotoka urani mwingi uliotumika kutengeneza mabomu ya atomiki ya Marekani, likiwemo lile lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945. Mgodi ulianza kuchimbwa 1921 kwa ajili ya radiamu. Urani ulikuwa takataka yake. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alishapeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York kabla Wamarekani hawajajua kwamba wanayahitaji, na baada ya vita wakampa nishani. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa walichokuwa wanachimba. Mashimo yalizibwa karibu na uhuru wa 1960. Baadaye wachimbaji wadogo waliingia kufuata kobalti, na mwaka 2004 sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu wanane.

Wageni wa Ulaya, hasa wa Ireland, wanaujua mji kwa sababu nyingine kabisa. Septemba 13 hadi 17, 1961, Katanga ikiwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, kikosi cha askari wa Ireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa pembezoni mwa Jadotville na jeshi la Katanga likisaidiwa na mamluki. Waliotumwa kuwaokoa walikwama kwenye daraja la Lufira, lile lile unalolivuka ukitoka Lubumbashi. Risasi na maji vikaisha, wakajisalimisha bila hata mmoja wao kuuawa. Kwao walionekana waoga kwa zaidi ya miaka 40, ndipo wakaanza kuheshimiwa; mwaka 2016 ikatoka na filamu. Filamu yenyewe haikupigwa Likasi, ilipigwa Afrika Kusini, na wenyeji wa mji wanaonekana ndani yake kwa nadra. Upande wa wenyeji bado unasubiri mwandishi wake.

Tuirudie kampuni. Januari 1, 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière, na baada ya kubadili jina mara kadhaa ikawa Gécamines. Posho haikukoma, shule hazikufungwa, na mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Fedha zilikwenda Kinshasa, mitambo haikufanyiwa matengenezo, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji wa mwaka ulikuwa umeanguka hadi kama tani 30,000. Mtu mwenye cheo cha ufundi mkuu akawa anaripoti kazini asubuhi, anakaa, anarudi nyumbani, mwezi unaisha, mshahara hauji. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa kiinua mgongo kidogo na kuagwa. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi.

Katikati ya anguko hilo uliingia ubaya ambao watu wa Likasi hawapendi kuuzungumzia na mgeni, na sikuwalazimisha. Agosti 1992 mkutano mkuu wa taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Hotuba za wanasiasa wa jimbo zilishawaandaa vijana. Wakasai, waliokuwa wameletwa na kampuni vizazi viwili au vitatu nyuma, walifukuzwa kwenye nyumba zao, wengine waliuawa, na maelfu wakahamia kituo cha reli cha Likasi kusubiri treni ya kuwapeleka nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Treni zilichelewa kwa wiki na miezi. Watu walizaa pale, walikufa pale. Kituo bado kipo. Ukisimama kwenye jukwaa lake, ni vizuri kujua umesimama wapi.

Ndani ya miaka hiyo ndipo soko lilipokua. Mke wa mfanyakazi ambaye mumewe hakulipwa alitoa sufuria barazani akauza maandazi. Mwingine akafungua duka kwenye dirisha la nyumba ya kampuni. Mwingine akapanda treni kwenda kununua samaki. Bustani zilizopandwa waridi na wake za mainjinia zikageuzwa kuwa matuta ya lengalenga. Nimewasikia wanaume wa makamo wakisema waziwazi kwamba walisomeshwa na meka ya mama zao. Jambo hilo halimo katika vitabu vingi vya Katanga, ambavyo hupenda kuhesabu tani.

Ukitaka kuona soko na mgodi vikiwa kitu kimoja, nenda Kamatanda. Ni kaskazini mwa mji, kwa pikipiki si mbali, njia ya vumbi jekundu linalokaa kwenye nyusi. Jina ni la mgodi wa shaba uliokuwa wa kampuni, na la makazi yaliyouzunguka kando ya reli. Kampuni ilipolegea, watu waliingia na sururu. Shimo huwa na mkubwa wake, aliyetoa mtaji wa chakula, kamba na tochi, naye huku anaitwa PDG, cheo kilekile cha mkurugenzi wa Gécamines. Sijui kama kuna kejeli kali kuliko hiyo. Wanaoshuka chini hugawana naye kinachopatikana. Mawe yakifika juu yanapelekwa kwenye maji, yanaoshwa kwenye matundu na kuchambuliwa: ya kijani ni malakiti, shaba, meusi ni heterojeniti, ndani yake kuna kobalti, ile ya betri za simu na magari ya umeme.

Kisha kuna depo, kibanda cha mnunuzi chenye mizani, na mashine ya mkononi ambayo Katanga nzima inaiita Metorex. Inaelekezwa kwenye sampuli ya mawe, inatoa namba, na namba hiyo ndiyo asilimia ya madini. Mchimbaji hana mashine. Anaamini macho yake na uzito wa jiwe kiganjani, mnunuzi anaamini mashine yake mwenyewe. Mchimbaji anakatwa kwa unyevunyevu, anakatwa kwa udongo, bei inapangwa kwa kisingizio cha soko la London, na kinachobaki kinagawanywa na mkubwa wa shimo. Pale Kikula mama anaongeza kiganja cha unga juu ya kipimo. Kwenye depo kiganja kinaondolewa.

Kuzunguka mashimo yale limezaliwa soko lingine. Wauza mikate, wauza maji ya pakiti, miwa, sigara moja moja, wachaji wa simu, mafundi wa kunoa sururu. Wanawake wengi waliokuwa wakiosha mawe wanakwambia wanapendelea kuuza chakula, maana mteja mwenye njaa halipi kwa asilimia. Katika miaka ya 2000 Kamatanda ilijulikana pia kwa watoto: walikuwa wakiokota, wakiosha na kubeba mawe badala ya kwenda shule. Sheria ya madini ya 2002 ilitambua wachimbaji wadogo kwenye maeneo maalumu, na marekebisho ya 2018 yakawataka wawe kwenye vyama vya ushirika. Sheria inakataza mtoto kuwemo mgodini. Ada ya shule na bei ya unga, hata hivyo, ndivyo vinavyoamua kwa kila nyumba nani atatoka asubuhi kwenda wapi.

Maji yanayosafisha mawe na yale yanayotoka viwandani yanateremka kwenye mto Panda, na kutoka huko kuelekea ziwa Tshangalele. Watafiti wamekuta metali nzito kwenye maji, matope na samaki wa ziwa lile. Wavuvi wanaendelea kuvua na Kikula inaendelea kula, kwa kuwa si kila mtu anaimudu bei ya thomson wa Namibia.

Jioni ndiyo saa ya kutembea katikati ya mji. Barabara ni pana, zimepandwa miti, na Septemba na Oktoba mijakaranda inatia zambarau kwenye lami iliyochimbika. Nyumba za chini zenye kibaraza na paa la bati, za miaka ya 1920 na 1930, zimesimama bado. Nyingine zimepakwa rangi upya, nyingine zimegawanywa kwa mbao zikakaa familia nne. Ukipanda kilima kidogo utaiona Shituru na mabomba yake, na upepo ukigeuka utaisikia asidi kooni. Ni mji mzuri. Nalisema hilo bila huruma kwa mtu: vilima vyake, hewa yake ya baridi na mpangilio wa mitaa vinaushinda Kolwezi kwa mbali, na hata Lubumbashi kwa utulivu.

Kwa anayetaka kwenda: miezi mizuri ni Mei hadi Septemba, wakati barabara ni kavu. Ndege hutua Luano, Lubumbashi, na kutoka hapo magari ya abiria kwenda Likasi yanapatikana mchana kutwa. Chukua viza kabla ya safari, na dola zako ziwe mpya, hazijakunjwa. Salimia kabla ya kuuliza bei. Hapa mtu asiyesalimia haongezewi unga. Kamera iache mfukoni ukiwa karibu na migodi, kituo cha reli na kambi za askari mpaka upate kibali cha maandishi. Shinkolobwe usiende: ni eneo lililokatazwa, na mawe yake bado yana mionzi.